Loshoro ya Wageni wa Mwenyekiti

Mimi huu mdomo wangu nimeushindwa. Nauza loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, pale mtaani Sakina, na anayekula kwangu anapewa na habari za siku juu yake, pamoja na maoni yangu, bure kabisa. Sasa Jumatatu nilimrekodia dada yangu Naisiae sauti, nikiwasema waheshimiwa waliokuja kuzindua bomba la maji mtaani kwetu. Nilisema wamekula pilau, wamepiga picha na bomba, wakaondoka na maji yao. Kumbe nimeituma kwenye kundi la mtaa! Nikafuta haraka, lakini wapi, imeshasambazwa.

Tangu hapo nikawa naogopa, sifichi. Habari za watu kuchukuliwa majumbani tunazisikia. Gari likipunguza mwendo karibu na kwetu, moyo unanilipuka. Nilijipa moyo kwamba majirani hawawezi kunitaja. Mtu wa nje akiisikia ile sauti, hajui ni ya nani, wala ninakaa wapi na binti yangu Silantoi.

Alhamisi mwenyekiti wa mtaa, mzee Elirehema, akanipigia kwamba ana wageni, nipeleke loshoro ofisini. Ningekataaje? Nikawakuta wanaume wawili, wapole, wamevaa vizuri. Hawakujitambulisha. Nikamimina loshoro kwenye mabakuli yao na bakuli langu. Kwetu mwenye chakula huonja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni aone hakuna sumu. Basi mikono ikaniangusha. Maziwa yakamwagika mezani, na nilipoonja nikapaliwa.

"Mbona unatetemeka, mama?" mmoja akauliza. "Umetia nini humu?"

Nikasema nina homa. Nikanywa bakuli langu lote nikiwa nimesimama. Wakacheka kidogo, wakaanza kula. Nikadhani yamekwisha. Yule mwingine akafuta mdomo, akabonyeza simu yake, na sauti yangu ikajaa chumba kizima, na pilau yake na bomba lake.

"Loshoro tamu," akasema. "Nyumbani ni wapi?"

Nikasema Kisongo. Ndio uongo ulionijia haraka.

Akamgeukia mwenyekiti, akamtazama tu. Mzee Elirehema alikula kwangu Krismasi na mkewe, Silantoi akawanawisha mikono. Sasa alikuwa anatetemeka kuliko mimi, na hakuniangalia.

"Ni hapo nyuma ya gereji," akasema. "Geti la bluu. Saa hizi binti yupo peke yake."