Mtu wa Tatu Kwenye Safu ya Goma

Bwana Abdulwahid alirudi kwao Wiyoni na masanduku mawili na mgongo ulionyooka kama mwimo wa mlango. Miaka thelathini na moja alikuwa Poland. Alipelekwa kusomea uhandisi wa meli, lakini meli zenyewe hazikumwona. Aliangukia kwenye michezo ya kuigiza yenye nyimbo, akawa ndiye anayewapangia wachezaji hatua zao jukwaani. Kisha, na msicheke, akawafundisha Wapolandi ngoma za nyanya zao wenyewe. Kuna moja waiita oberek, ya kuzunguka na kupiga kisigino hadi mbao zilie. Wakamvisha nishani.

Hapa Amu, kisiwani Lamu, nishani haikumfaa kitu. Alichotaka ni nafasi moja tu, ya tatu kwenye safu ya goma, pale aliposimama marehemu babake miaka yote. Goma ni wanaume waliovaa kanzu, bakora mkononi, bega kwa bega, wakienda polepole mno. Bwana Hamdu, mkuu wa goma, alimjaribu mazoezini, naye akapiga kisigino. Halafu akawatabasamia watazamaji, na watazamaji wenyewe walikuwa punda wawili.

"Weye wateza upate kuonekana," Hamdu alimwambia. "Hapa hatuhisabu hatua. Twamfuata aliye ubavuni. Nitakujaribu tena harusini kwa jirani yetu Rumaisa. Ukionekana, utaketi na wageni."

Neno hilo lilimchoma. Kuketi na wageni, na kitovu chake kimezikwa Wiyoni.

Siku ya harusi, baada ya laasiri, zumari ikalia. Hamdu alitangulia, akafuata Husni muuza halwa, kisha Abdulwahid. Kisigino kilimwasha, akakituliza. Mambo yakaenda vyema mpaka Husni, aliyekula biriani kupita kiasi, akachelewa kuinua bakora. Abdulwahid aliliona kosa kabla halijatokea, maana ndiyo kazi iliyomlisha miaka yote hiyo. Karipio lilimjia ulimini, tena kwa Kipolandi. Akalimeza. Akachelewa pamoja na Husni. Wa nne naye akachelewa, na wa tano, na Hamdu, bila kugeuza shingo, akawangoja. Kuchelewa kukapita safu nzima, kukawa ndiyo hatua yenyewe.

Goma lilipokwisha, dadake, Bi Mwanaarabu, alikuja juu akitikisa simu.

"Nimeteta na wanawake wazima nipate nafasi dirishani," alisema. "Nimekutafuta na mato yangu mawili, nimekutafuta kwenye video, kanzu tupu na kofia tupu. Hukuteza?"

Abdulwahid alihisi furaha imempanda kifuani. Akamshika dadake mkono, akamsogeza pale aliposimama Bwana Hamdu, akamwomba aseme tena, kwa sauti.