Hukumu ya Kurasa Tisa

Kornelio Machage alikuwa mwenyekiti wa baraza la kata, katika kata moja ya wilaya ya Tarime, kwa miaka kumi na miwili, na katika miaka hiyo hakuna aliyeyaheshimu maamuzi yake kuliko yeye mwenyewe. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili mstaafu. Barua ya kuwaita wajumbe kwenye semina ya mabadiliko ya sheria ilipofika, aliisoma hadi mwisho, akasahihisha nukta mbili kwa kalamu nyekundu, akairudisha kwenye bahasha. Semina hakwenda. Nani angemfundisha yeye?

Ndipo ikaja kesi ya Rhobi, mjane aliyedai kwamba jirani yake Waitara amesogeza mpaka wa mkonge hatua tatu ndani ya shamba lake. Kornelio aliisikiliza siku nne, akaandika hukumu ya kurasa tisa yenye methali kila ukurasa. Waitara aung'oe mkonge ndani ya siku kumi na nne. Wajumbe wenzake walitia saini bila kuisoma. Walikuwa na kazi nyingine za kufanya.

Siku zikaisha, Waitara akapanda maharage palepale. Rhobi akaamua kuipeleka hukumu kwenye baraza la ardhi la wilaya ili ikaziwe, yaani itekelezwe kwa nguvu. Kornelio akavaa koti na kumsindikiza, maana alitaka awepo watakapousifu mwandiko wake.

Karani aliyewapokea, Honoratha, aliyehamishiwa huko kutoka Bukoba, alimwamkia shikamoo, akampa kiti, akasoma hadi ukurasa wa pili. Akauliza taratibu kama baraza lao bado linahukumu. Kornelio akajibu kwamba ndiyo kazi yao. Honoratha akamweleza kuwa sheria ilibadilishwa mwaka 2021: migogoro ya ardhi, kata inasuluhisha tu. Usuluhishi ukishindikana, baraza linathibitisha hivyo kwa maandishi, na mlalamikaji anafungua shauri wilayani.

"Umeandika vizuri sana, mzee," alisema. "Ila hii si hukumu."

Walipofika stendi ya bodaboda, Rhobi akamgeukia.

"Mwalimu, hivi barua ya semina uliipata?"

Kornelio alitamani kudanganya. "Niliipata," akasema. "Nikaisahihisha."

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Waitara, akamwambia kwamba hukumu ile haina nguvu na kosa ni lake. Waitara alicheka mpaka akaegemea jembe. Kisha akajinyoosha.

"Ukurasa wa sita umeniita mkaidi," akasema. "Siku nne zote hukuniuliza kwa nini nilisogeza mpaka."

Kornelio akamuuliza. Kumbe ndama wa Rhobi walikuwa wanakatiza kwenye mihogo ya Waitara kila asubuhi wakienda mtoni, naye akausogeza mkonge ili kuwazibia njia. Kornelio akakumbuka zile siku nne za kusikiliza, akaona kwamba sehemu kubwa alikuwa anajisikiliza mwenyewe.

Baraza likakaa upya. Safari hii alimwomba Gati, mjumbe mwenzake, aongoze, naye Gati akakubali kwa sharti kwamba mwenyekiti asiongee. Mara tatu Kornelio alifungua mdomo, mara tatu Gati akamtazama. Jioni walikuwa wamepatana: mkonge urudi ulipokuwa, na Rhobi awapitishe ndama kwenye ukingo wa chini, ndani ya shamba lake. Maneno yote yalitosha nusu ukurasa.

Rhobi alitia saini kwa shingo upande. Yeye alikuwa ameshashinda, alisema, na sasa ameshinda mara ya pili kwa kutoa njia. Jumamosi alikwenda kusaidia kung'oa mkonge, akachomwa viganja vyote viwili, na Rhobi hakumpa pole.

Wiki iliyofuata alifungua kabati la baraza, akatoa hukumu zote za ardhi alizoandika tangu sheria ibadilike. Zilikuwa kumi na moja. Akazifunga kwa kamba, akamwomba Gati wafuatane kwenda kuwaambia wahusika kwamba hazina nguvu, wakaanza na nyumba ya karibu.