Vifuko Visivyoogopa Mvua

Mokeira alipofiwa na mume hakuwa na mtoto wa kiume wa kumsimamia. Shamba la juu lenye majani chai lilichukuliwa na shemeji yake, Ongeri, na hakuna aliyeuliza. Mkononi mwake kilibaki kipande cha bondeni, pale Gesima, chenye migomba na chemchemi ambayo hata kiangazi kikali hakijawahi kuiziba mdomo. Ongeri alikitaka hicho nacho. Alitaka kupanda mikalitusi, na Gusii nzima inajua kazi ya mkalitusi ukiwekwa bondeni: unakunywa kwanza, watu na ng'ombe wanakunywa kilichobaki, na mara nyingi hakibaki kitu.

Kilichokuwa kikimzuia Ongeri ni karatasi.

Mokeira na wanawake wenzake wa kanisa walikuwa wakitengeneza vifuko vya miche kwa mashina ya migomba. Mgomba ukishatoa ndizi hukatwa ukaachwa uoze. Wao waliuchana, wakauchemsha kwa majivu, wakautwanga kwenye kinu mpaka ukawa rojo, kisha wakaitandaza ile rojo juu ya wavu ikauke iwe karatasi. Karatasi ikakunjwa kifuko, kikajazwa udongo, mche wa chai ukachomekwa. Wenye vitalu walivipenda kwa sababu mche hupandwa pamoja na kifuko chake, mizizi haiguswi. Kazi hiyo ilikula maji mengi, na maji yalikuwa ya chemchemi ile. Maadamu wanawake wa kanisa walikuwa wanachota pale, Ongeri aliona haya kuingia na jembe.

Lakini mvua ya Aprili iliwaaibisha. Vifuko vililegea, vikapasuka, udongo ukamwagika, miche ikabaki mizizi nje kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Mwenye kitalu alirudisha toroli nzima bila kusema neno, na hilo liliuma kuliko matusi.

Wiki hiyo hiyo Ongeri akaja, amemleta Mose, mzee wa kanisa, awe shahidi. Alikaa, akanywa chai, akasema kwa ule upole wake unaotisha:

"Shemeji, mimi si mtu mbaya. Nakupa mvua moja. Vifuko vyako vikisimama Aprili ijayo, shamba la bondeni ni lako. Vikilala, napanda miti."

"Umesikia, mzee?" Mokeira akamwuliza Mose.

"Nimesikia, na Mungu amesikia," Mose akajibu, akanyoosha mkono kuchukua kiazi kingine.

Mokeira alifunga na kuomba, kisha akavaa viatu akashuka mjini Kisii. Aliyekaa akingoja malaika walete chakula, alisema marehemu mumewe, atazikwa na malaika hao hao. Kule mjini alikuwepo Fred Ombok, mtu wa upande wa ziwa, aliyefanya kazi kwenye duka la vifaa vya kufungashia bidhaa. Fred aliishika ile karatasi iliyochanika, akaiinua kwenye mwanga wa mlango.

"Mama, hii karatasi ina nyama, haina mishipa," akasema. "Mkitwanga, nyuzi za mgomba zinakuwa fupi. Mvua ikija hazina cha kushikana nacho."

Alimwonyesha gunia. Ndani mlikuwa na kitu cheupe kama pamba, lakini kimekatwakatwa vipande vya urefu wa ukucha, na kila uzi unang'aa kidogo. Kinaitwa viskosi, alisema. Wenye viwanda hukichanganya kwenye karatasi inayotakiwa ivumilie maji, kama ile ya majani chai ya kutumbukiza kikombeni. Juma lile lile alipanda nacho mpaka Gesima, pamoja na kidumu cha gundi isiyoyeyuka kwa maji, akawakusanya wanawake akawaeleza kwa Kiswahili, kwa kuwa Ekegusii hakukijua.

"Hizi msizitwange. Wala msizisonge. Tieni mwisho kabisa, maji mengi, mkono mwepesi."

"Kitu kisichotaka nguvu kimefuata nini Gusii?" akauliza Bitutu, rafiki wa Mokeira, mwanamke mwenye mikono kama ya mpiga matofali. "Kirudi ziwani kwenu, kikaogelee."

Fred alicheka, akaondoka. Hakuwa amefika barabarani Bitutu akachungulia karai akatikisa kichwa. Rojo ilikuwa nyepesi kama uji wa mgonjwa. Sasa, mwanamke wa huku amelelewa akijua jambo moja: obokima, ndio ugali, usiposongwa ni mbichi, na anayeusonga kwa mkono mlegevu anachekwa mpaka kwao alikozaliwa. Bitutu akapunguza maji, akashika mwiko, akapiga magoti. Akasonga. Wenzake wakampokea mmoja mmoja, wakiimba, kila mmoja akitaka kuonyesha kuwa bado ana mgongo.

Nyuzi nyeupe zikashikana. Zikajiviringisha mabonge, mabonge yakavutana yakawa kamba, na karai zima likawa kama manyoya ya kondoo aliyepita kwenye miiba. Karatasi iliyotoka ilikuwa na vinundu huku na matundu kule.

"Mjaluo ametulaghai," Bitutu akasema, akifuta jasho.

"Ametulaghai nini? Alisema tusisonge, nasi tumesonga," akajibu Mokeira.

Kwa kuwa jua la Ijumaa lilikuwa linazama na Sabato inaingia, waliacha vyombo vilivyo. Jumapili Mokeira alikuja peke yake mapema. Alijaza karai maji mpaka ukingoni, akatia rojo na gundi, mwisho akazinyunyiza zile nyuzi kidogo kidogo, akapitisha mkono ndani kama anayemwogesha mtoto mchanga, hamwamshi. Kila uzi ulikwenda njia yake. Karatasi ilipokauka ilikuwa laini mkononi, nyepesi kuliko ya zamani. Waliiloweka kwenye ndoo usiku kucha, na asubuhi Bitutu akashika upande mmoja, Mokeira upande wa pili, wakavutana.

"Hii ingekuwa ndoa," Bitutu akasema, miguu yake ikiteleza kwenye majani, "hakuna shemeji angeivunja."

Aprili ikaja. Ilinyesha mvua ya mawe iliyochanachana majani ya migomba yakawa matambara. Kila asubuhi Ongeri alipita kitaluni, akavibonyeza vifuko kwa ncha ya fimbo yake, akaenda zake. Mvua ilipopungua, mwenye kitalu akaagiza vingine, si vya chai peke yake, vya miche ya kila aina. Havikuwa vimelala.

Sabato iliyofuata Mokeira alisimama kanisani akatoa shukrani. Fred alikuwa amealikwa, na baada ya ibada watu walikula nje, kwenye kivuli cha ukuta. Ongeri akaja na sahani yake, uso umechangamka.

"Shemeji, Mungu amekuinua. Lakini niambie, hizo nyuzi zinatoka kwenye nini? Kwa mnyama?"

Mokeira hakuwa na mazoea ya kuficha jambo jema. "Zinatoka kwa mti," akasema.

"Mti?"

"Ni kweli, mzee," Fred akaingilia. "Shina linasagwa, linayeyushwa kwa dawa, halafu linavutwa tena kuwa nyuzi."

"Mti gani?"

"Miti mingi. Hata mkalitusi. Lakini hizo ni kazi za viwanda vya ng'ambo, mzee. Huku sijaona..."

Ongeri alikuwa ameshageuka kumtafuta Mose. Mokeira aliziona kofia zao mbili zikikaribiana karibu na lango.

Siku chache baadaye vijana wa kukodiwa walikuwa bondeni, wanachimba mashimo toka kwenye migomba hadi ukingoni mwa chemchemi. Mokeira alishuka mbio, kitambaa cha kichwa mkononi. Alimkuta Ongeri amesimama na Mose, wanapima kwa kamba.

"Ulisema vikisimama shamba ni langu," akasema.

"Ni lako. Nani amekataa?" Ongeri akajibu, na kweli alionekana kushangaa. "Shamba ni lako. Miti ndiyo yangu."

"Mzee Mose, ulikuwepo."

Mose alitazama mashimo, akatazama viatu vyake. "Mama, shemeji yako hajavunja neno. Alitaja shamba. Kutopanda miti hakuahidi. Na hii ni baraka uliyoileta mwenyewe, tusibishane nayo."

"Kiwanda cha kuinunua kiko wapi?"

"Kitakuja," Ongeri akasema. "Wakiona miti ipo, watakuja. Uliokota gunia moja, shemeji, ukatufungua macho. Mimi nitawauzia gari zima."

Pikapu ilifika alasiri kutoka barabara ya Keroka, imejaa miche ya mikalitusi, majani yake ya kijivu yakitetemeka. Vijana waliishusha na kuipanga kwenye nyasi. Mokeira alivitambua vifuko kabla hata havijagusa chini, kwa ile rangi ya chai ya maziwa na ile mikunjo ya pembeni ambayo Bitutu hawezi kuinyoosha. Vimesafiri kwenye mashimo na mabonde, na hapakuwa na hata kimoja kilichopasuka.

"Nilimwambia mwenye kitalu anitilie kwenye vyako," Ongeri akasema, sauti ya chini, ya ukarimu. "Familia lazima iinuane. Miche ya watu wengine inakufa njiani. Hii yangu yote itashika."

Mokeira alipanda mpaka nyumbani, akachukua ndoo mbili, akaanza kuteremka tena. Bitutu alikutana naye njiani, amesikia habari, hana mzaha wa kusema.

"Unaenda wapi, Mokeira? Mvua inakuja, na mtungi wako umejaa."

"Kuchota," Mokeira akasema, akampita. "Nachota yakiwa bado yapo."