Kivinjari Kisichopiga Hodi

Sumaiya alikisifia kivinjari kipya kama mtu anayepeleka posa. Alikuwa ameshakiweka kwenye kompyuta ya shangazi yake.

"Kimetoka wiki hii, Shangazi. Kinajua Kiswahili, kinakumbuka, na kimehamisha kila kitu kutoka kile cha zamani."

"Kiliomba ruhusa?"

"Mie ndo nlokiruhusu."

"Basi kimepiga hodi kwako. Kwangu bado."

Bi Mwamvua alikuwa somo. Aliwafunda wanawali kabla ya ndoa, na siri zao ziliishia kwake. Safari hii mwali wake alikuwa Zuleikha, aliyenyonyoka nywele mabaka mabaka kisogoni. Daktari alisema zitaota, lakini mama wa bwana harusi, Bi Nassra, alishajitapa Michenzani nzima kwa nywele za mkwewe. "Asijue, somo," Zuleikha alimlilia. Bi Mwamvua akaahidi, akawa anamtafutia habari za tiba kwenye kile kivinjari cha zamani.

Hiki kipya hakukihukumu. Alikijaribu kama anavyomjaribu mtumishi mgeni, anayeachiwa kitu mezani ionekane kama atakigusa. Aliuliza namna ya kulainisha pweza, akakifunga. Asubuhi kikampokea kwa bashasha: *Karibu tena! Tuendelee na pweza?*

"Mmbea," alinong'ona. Tangu hapo hakukigusia kabisa habari za mwali.

Alasiri Bi Nassra akaja kuchagua michoro ya hina. Alivua baibui, akavuta kiti mpaka mbele ya kioo cha kompyuta.

"Haya, fungua tuone."

Bi Mwamvua akafungua. Chini ya pweza palikuwa na mstari mwengine: *Au turudi kwenye tiba ya nywele zinazonyonyoka kwa mabaka?*

Ndipo alipokumbuka kwamba kimehamisha kila kitu.

Bi Nassra aliacha kutafuna kashata. "Mabaka? Ya nani hayo?"

"Yangu."

"Yako wewe, unayetuuzia mafuta ya nywele?"

"Nayajaribu kichwani mwangu kwanza."

Bi Nassra alicheka mpaka akashika mbavu. "Masikini mie! Na chupa zote zile nlizonunua!" Kisha kicheko kikakatika. Alikuwa akiutazama msuko mnene wa somo uliochungulia chini ya mtandio. "Hebu nionyeshe."

Bi Mwamvua akaukaza mtandio. "Chagua hina, Bi Nassra."

Alichagua, lakini macho yake hayakuwa kwenye hina.

Jioni Sumaiya alifuta kumbukumbu zote. "Kishasahau, Shangazi."

"Umejuaje?"

"Kimeandika chenyewe."

"Na mmbea naye husema hivyo hivyo."

Siku ya singo, ya kumsugua mwali manukato kabla ya harusi, kwa kuwa walikuwa wanawake watupu, kila mmoja alikaa kichwa wazi. Bi Mwamvua peke yake alijifunga kilemba, jasho likimtiririka mashavuni. Chupa zake za mafuta, ambazo kwa kawaida huuzika zote, zilibaki kapuni.

"Jamani, msimcheke somo," Bi Nassra alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Ana yake huyo."

Wanawake wakaangua kicheko. Zuleikha, aliyegubikwa kanga tangu utosini kama ilivyo ada ya mwali, alipenyeza mkono wake nje, akaushika wa somo wake kwa nguvu, asiuachie.

Bi Nassra aliitazama mikono ile miwili. Wenzake walipoanza kuimba, yeye bado alikuwa akiitazama.