Hapa Hapiti Mtu

Fundi cherehani alianza kumshuku mpimaji wa manispaa, aliyekuja kukagua vichochoro vya mtaa, siku alipomwona akicheka na wifi yake. Mtu wa ofisini anacheka nini na muuza mkaa? Nyumba zao zilipeana mgongo: kichochoro kimoja kilipita mbele ya fundi, kingine mbele ya wifi. Ofisi ikitaka barabara, mmoja wao atabomolewa. Na wifi, kwa ule ulimi wake mtamu, lazima alikuwa ameshamchomea.

Akazunguka kwa majirani. "Jamani, mpimaji akiwa huku, piteni kule kwa wifi. Akiona watu hapa, tumekwisha. Na akiwauliza, mnajua la kusema."

Wakakubali. Nani anataka greda mlangoni? Yeye akaziba kichochoro kwa viti, mabeseni na kamba ya nguo mbichi, kisha akaketi kwenye cherehani.

Mpimaji alikuja akiinama chini ya shuka linalochuruzika.

"Mama, watu wanapita hapa?"

"Hapa? Hapa hapiti mtu. Hata mbuzi hakatizi."

"Na wateja wako?"

"Wanapitia nyuma."

Mpimaji akamtazama kidogo, akachora kwenye ramani yake. Fundi akamcheka kimoyomoyo: kasoma kote huko, kadanganywa na mashuka!

Greda halikuja. Walikuja waashi. Vichochoro vyenye watu viliwekwa zege na taa. Visivyopitwa vikafungwa, maeneo yake wakaongezewa wenye viwanja vya upande wa pili. Fundi alikwenda ofisini akalia, akaapa, akajibiwa kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyesema, na majirani wote walisema vilevile. Ukuta ukapanda mbele ya mlango wake mpaka akawa anawasha taa mchana ili atunge uzi.

Ikabidi atoboe mlango wa nyuma, atokee uani kwa wifi. Wifi hakumnyima njia. Wateja wachache waliobaki walipenya katikati ya magunia ya mkaa, wakafika na mikono myeusi.

"Wifi," muuza mkaa alimwambia siku moja, "yule mpimaji aliniuliza kama kwako kunapita watu. Nikamwambia wanapita wengi kuliko kwangu, wateja wako hawaniachi nilale mchana. Tukacheka sana. Wewe ulimwambia nini?"

Fundi akainamia sindano. Aibu ilimchoma mpaka masikioni.

"Nilimwambia hivyohivyo."

"Basi kuna mtu kakuchimba." Wifi akajifunga kanga vizuri, akazitazama nyumba za majirani. "Ngoja niende nikawaulize, mmoja mmoja."