Vikombe vya Bwana Kitupu

Mgeni aliingia bila hodi, darasa likiwa katikati ya zoezi. Alikuwa mama wa makamo, mkoba kwapani, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Akasimama mlangoni akiwakagua wanafunzi mmoja mmoja kama anayechagua nyanya sokoni, mpaka macho yakatua kwa Dereva, mstari wa nyuma. Dereva akaruka kama aliyekalia kaa la moto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe shule ipo kweli."

Alikuwa mama mkwe wake. Kilichomleta alikieleza mbele ya wote, maana hakuwa mtu wa kunong'ona. Binti yake anaambiwa kila siku kwamba mume amekwenda kujifunza Kiingereza, lakini mume anarudi vidole vimekunjamana na kunuka sabuni. Mwanamume wa namna hiyo anamwoshea mtu vyombo, na binti angependa kumjua huyo mtu.

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Huyo mtu alikuwa yeye.

Darasa lake lilikuwa chumba kimoja juu ya duka la magodoro, na sheria yake ilikuwa moja: Kiingereza kitupu. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Bwana Kitupu, jina ambalo mkewe hakulipenda hata kidogo. Juu ya ubao alikuwa amebandika kadibodi yenye maandishi mekundu: atakayetumia neno la lugha nyingine ataosha vikombe vya chai vya darasa zima. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba hivyo ndivyo ulimi unavyofunguka. Na hakuna aliyeosha kama Dereva. Asubuhi ile ile alikuwa ameponyokwa na "sukari" badala ya "sugar", akaandikiwa vikombe.

Mama mkwe akavaa miwani, akaisoma kadibodi yote mpaka kwenye nukta. Alikuwa amestaafu ukalimani mahakamani, na huko, alisema, sheria husomwa kama ilivyoandikwa. Alipoambiwa kosa la asubuhi, akauliza kwa upole: hiyo "sugar" nayo, Waingereza waliitoa shamba gani?

Mwalimu akaiweka chaki chini. Jibu alilijua. Alilisoma chuoni, likaja kwenye mtihani, akapata alama zote, kisha akalisahau kama watu wanavyosahau mitihani. Akakiri kwamba neno lile lilianzia Uhindi, likapita kwa Waajemi, likapita kwa Waarabu, na kwa Waarabu ndiko sisi tulikolipokea la kwetu.

"Basi ni ndugu wa baba mmoja," alisema mama mkwe. "Mmoja unamkaribisha sebuleni, mwenzake unampeleka jikoni akaoshe vyombo."

Hapo darasa likamtoka Mwalimu mikononi. Msusi akataka kujua habari za "shampoo", mama mkwe akamwambia ni ya Wahindi, na maana yake ya kwanza ilikuwa kukanda. Fundi wa makochi alifurahi mno kusikia "sofa" ni Mwarabu, akawa anajinyoosha kama aliyepata ukoo mpya. Nesi akauliza "alcohol", wakaelezwa kwamba hilo lilianza kama jina la wanja. Msusi, aliyejipaka wanja mpaka karibu na masikio, akashauriwa asiendeshe gari siku hiyo.

Mwalimu alijaribu kurudisha utulivu kwa Kiingereza chake kitupu. Akataja "table"; mama mkwe akasema hiyo ni ya Wafaransa. Akaomba mtu afungue "window". Hilo nalo lilitoka kwa watu wa kaskazini mwa Ulaya, kwao maana yake ni jicho la upepo. Akawa anapima kila neno kabla ya kulitoa kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mwishowe akawaambia tu wachukue kila mmoja "cup" yake, wakanywe chai.

"Kilatini," alisema mama mkwe.

Wakacheka mpaka mwenye duka la magodoro akagonga dari kwa mpini wa ufagio. Mwalimu mwenyewe alikuwa karibu kucheka alipomwona Dereva. Dereva alikuwa anatazama vidole vyake.

"Mwalimu," alisema kwa Kiswahili, polepole, "mimi siku hizi nikipakia mgeni nanyamaza tu. Kiingereza kikija mdomoni, naona vikombe."

Maneno hayo yalimwingia Mwalimu kuliko kicheko chote. Alikuwa ameingia kazi hii ili kuwapa watu ulimi. Akaibandua kadibodi.

"Kesho saa ya chai naosha mimi," alisema. "Vyote. Na wewe utakaa hapa mbele utuambie habari za barabarani, uchanganye unavyotaka."

Jioni meneja wa hoteli kubwa alipiga simu. Kazi ile ya kufundisha wahudumu wake, ambayo Mwalimu aliiomba tangu mwaka jana, ilikuwa karibu kuwa yake. Meneja angepita kesho saa ya chai amwone kwa macho yake. Mke wa Mwalimu, ambaye alikwishachagua mapazia ya nyumba itakayokuja na kazi hiyo, alimkumbusha kwamba vikombe havina miguu, vingemngoja hata keshokutwa. Asubuhi wanafunzi wakasema hivyo hivyo. Msusi akajitolea kuosha.

"Mwalimu, mimi nimeshasamehe," alisema Dereva. Alisema hivyo kama mtu aliyezoea kuambiwa ngoja.

Saa ya chai ilipofika, Mwalimu akakunja mikono ya shati, akachuchumaa mbele ya karai kwenye korido.

Meneja alipanda ngazi, akalizunguka karai, akamwuliza mwalimu yuko wapi.

"Ni mimi. Nivumilie kidogo, nimalize."

Meneja alilitazama povu lililomfika viwikoni. Alisema yeye aliambiwa habari za mwalimu mwenye nidhamu kali, si mtumishi wa wanafunzi wake, na kwamba ana watu wengine wa kuwaona, akageuka. Kumweleza kungewezekana, lakini ingebidi kumfuata hadi chini barabarani, na saa ya chai ilikuwa inakwisha.

Ndani, Dereva alikuwa anasema Kiingereza. Kilichechemea, kikachanganyika na Kiswahili, lakini hakikusimama.

Mwalimu alisikiliza viatu vya meneja vikishuka ngazi mpaka vikanyamaza. Kisha akachukua kikombe kingine, akaanza kusugua.