Dhahabu ya Kifuani kwa Donatus

Mimi mgodini kwa Nasibu sikanyagi tena. Nikipataja tu nataka kutapika. Ptuu!

Mume wangu Donatus moyo wake ulikuwa unaanza mbio ghafla kama ng'ombe aliyekata kamba, kisha anaanguka. Madaktari wakampandikiza kifaa kipya, laini, chembamba kama plasta, kimejishika kwenye moyo na kinajikunja nao kila ukipiga. Ukichachamaa, kinaupiga shoti utulie. Wakatuonya: asije akaharisha sana, chumvi za mwili zikimwisha moyo utamgeuka. Kuchimba akaacha, akapata kazi ya kupokea mawe kwenye karasha la Nasibu, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, huku Geita.

Pale kila anayetoka anapitishiwa kimashine cha kutafutia dhahabu. Siku ya kwanza tu, kikalia kifuani kwa Donatus.

"Umemeza," akasema Nasibu. Na kwao anayeshukiwa kumeza ananyweshwa dawa ya kuharisha, anakalishwa kwenye ndoo mbele za watu.

Nilikuwa nauza wali hapo hapo. Nikatupa upawa. "Nasibu, huyo ana kifaa cha moyo! Mtaniulia mume!" Donatus akafungua shati, akaonyesha kovu.

"Shemeji, wanaojichana wakaficha mali kwenye nyama tumewaona wengi. Tunaanza na tumbo," akajibu, wenzake wakacheka.

Wakamnywesha. Mtu mzima, baba wa watoto wangu, juu ya ndoo! Na Nasibu, mwanawane, anakoroga mavi ya mwenzake kwa kijiti, anayamwagia maji kwenye karai lile lile la kuoshea mchanga, kainamisha pua karibu kabisa. Nzi wamejaa, wanaume wamezunguka wanasubiri king'ae kitu. Binadamu hao! Hata fisi ana haya.

Hakikung'aa kitu. "Mwongezeni," akasema. Walipomwongeza, macho yakamgeuka, akaanguka na ndoo yake. Nikapiga yowe, nikijua nimeshakuwa mjane. Mara mwili ukaruka, kama umepigwa teke kutoka ndani, akavuta pumzi. Kile kiplasta kimemrudisha. Nikamwosha pale pale huku nawatukana, nikampakia bajaji kwenda hospitali.

Alipopona, Nasibu akaja nyumbani na kuku kuomba radhi. Donatus, mpole kupita kiasi, akamsamehe, akamweleza na kifaa chenyewe: kibetri kidogo, plastiki laini, na nyuzi nyembamba za dhahabu.

Nasibu alikuwa anachokonoa meno. Akasita. Akakikodolea macho kifua cha mume wangu.

"Kumbe mashine haikudanganya," akasema taratibu. "Eti shemeji, siku mtu akizikwa, na chenyewe kinazikwa?"

Nilimtoa nje yeye na kuku wake, na matusi niliyomtukana siyarudii hapa. Niliporudi ndani, Donatus alikuwa amefunga vifungo vyote vya shati mpaka shingoni, na joto lote lile.

"Mama Wiliam," akaniambia, "nikifa, kaburi langu mlimwagie zege. Wale shimo haliwashindi."